Mbili, Kisha Moja

23 Aprili

Bata,

Leo sina salamu, nina matusi tu. Kaa chini uyapokee.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa na wageni watano ukumbini. Wamelala chali kwenye magodoro, wamefumba macho, wanasikiliza bwawa lako. Nilikuwa nimewaeleza vizuri kabisa: maikrofoni zangu tatu ziko chini ya maji, siku nzima ya safari kutoka hapa, sauti inakuja kwa waya wa simu hadi kwenye spika nilizozifukia chini ya sakafu. Wakatulia. Wakasikia samaki wanavyotafuna, wadudu wanavyokwaruza, magugu yanavyoachia hewa. Mama mmoja mnene alianza hata kukoroma. Halafu ghafla: ko-ko. Ko.

Mbili, kisha moja. Ule mlio wako wa kubisha hodi mlangoni, uliokuwa unanigongea ukutani tulipokuwa wadogo kutaka kujua kama nimelala. Ukagonga tena, ukagonga tena, ukazidisha, nami nikajua mdogo wangu amenaswa huko chini. Niliwaruka wageni, nikakimbilia ofisini bila viatu, nikapiga simu kituoni kwenu bwawani na kumfokea mlinzi wa geti aite watu. Akaenda, akarudi anacheka. "Bata yuko kwenye boti, anakula chungwa."

Chungwa, Bata! Nimerudi ukumbini natweta, soksi zimelowa, wageni wameketi wananitazama kama mwendawazimu. Mkurugenzi wa ukumbi ameniuliza kama mimi ni msanii au ni zimamoto.

Sasa sikia. Siku nyingine ukigonga, sinyanyui simu. Ugonge mpaka mkono ufe ganzi, mimi nitakaa hapa nimekunja nne, nakusikiliza.

La pili, na hili ni ombi. Maikrofoni ya tatu, ile ya mdomo wa handaki la zamani, inavuma tu tangu mwezi uliopita. Huko ndiko samaki wanakozalia, na ndiko kwenye sauti ninazozitaka. Jumapili ya tarehe kumi na moja Mei nina ugeni mkubwa, watu arobaini na mkurugenzi mwenyewe. Nakuomba uizamie. Najua bosi wako amekataza mtu kwenda handakini. Basi nenda siku hiyohiyo asubuhi, kituo kikiwa kimelala, nao wasikie sauti mpya kabisa. Barua hii ichane, asije akaiona mtu.

Kaka yako,
Sikio

---

2 Mei

Kaka Sikio,

Matusi yamefika yote, hakuna lililopotea njiani. Barua nimeichana kama ulivyosema, ila kwanza nilimsomea Mama kile kipande cha soksi. Amecheka mpaka akashika ubavu. Anasema wewe tangu utotoni ukitishwa kidogo tu unakimbia peku.

Chungwa lenyewe lilikuwa tamu, sikufichi.

Handakini nitakwenda. Jumapili hiyo nitapita geti la nyuma, mlinzi asiniandike kwenye kitabu. Baiskeli nitaiegemeza nje ya uzio, na nguo nitazifunga kwenye keria. Mke wangu sitamwambia, maana ataweka cherehani pembeni na kuanza kulia kabla sijalowa. Nitamwambia naenda mara moja, chai isipoe.

Lakini kaka, yale maneno yako ya kutonyanyua simu yamenikaa vibaya. Ngoja nikueleze kulivyo, kwa sababu wewe kule unakusikia tu, hujawahi kukuona. Mlango wa chuma wa lile handaki ni mzito na bawaba zake zimechoka. Giza la kule ni la kupapasa. Mdomoni una bomba la hewa, kwa hiyo huwezi kupiga kelele. Siku za kazi mwenzangu anakaa juu kwenye boti ameshika kamba, nikivuta ananivuta. Jumapili hakuna mwenzangu. Hiyo maikrofoni yako ndiyo itakuwa kamba yangu, na mwenye kuishika ni wewe.

Kwa hiyo utani umekwisha. Nimemwapia Mama, nakuapia na wewe. Nikimaliza salama hutasikia hata mlio mmoja. Ukisikia mbili, kisha moja, ujue nimekwama kweli, na mtungi wangu una hewa ya dakika arobaini. Mlinzi wa geti yupo hata Jumapili, na ana ufunguo wa boti.

Nijibu neno moja tu kwamba tumeelewana, roho yangu itulie.

Mdogo wako,
Bata

---

15 Mei

Shemeji,

Huku si kwema. Tangu Jumapili asubuhi mdogo wako hajarudi.

Alitoka saa tatu na baiskeli. Akasema naenda mara moja, chai isipoe. Nikamwuliza wapi, akanigongea kwenye meza ya cherehani, ko-ko, ko, kama kawaida yake akitaka nisiulize. Sikuuliza. Chai imepoa, nimeimwaga, nimepika nyingine, nimeimwaga.

Kituoni wanasema Jumapili hakuwa na zamu na jina lake halimo kitabuni. Jana mtu ameiona baiskeli yake stendi ya mabasi, inauzwa. Aliyekuwa anaiuza alikimbia, na kwenye keria hapakuwa na kitu. Sasa mtaa mzima umeshajua kilichotokea kuliko mimi. Amepanda basi, wanasema. Mwanaume akiuza baiskeli amekwenda mbali.

Shemeji, wewe ndiye mtu wake. Alikuambia neno lolote? Na zile maikrofoni zako, siku ile zilisikia chochote? Hata kasia. Kama yuko majini niambie nilie. Kama yuko kwa mtu niambie nikae kimya. Hapa katikati sipawezi.

Juzi Jumanne barua yako kwake imefika. Nimeiweka juu ya kabati. Sijazoea kufungua barua ya mume wangu, na nikiifungua itakuwa nimekubali kwamba harudi. Ataifungua mwenyewe.

Mama anakusalimu. Macho yake yamezidi kufunga, lakini kila mlango ukigusika anauliza ni nani.

Shemeji yako,
Mke wa Bata

---

20 Mei

Shemeji yangu mpenzi,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikashindwa kukaa.

Hapana, hakuniambia kitu. Kuhusu mitambo, bahati mbaya waya ulikatika tangu Ijumaa ile, siku mbili kabla. Jumapili nzima hatukupata hata punje ya sauti, wageni wangu wakasikiliza kanda za zamani. Kama ningesikia lolote, unafikiri ningenyamaza? Huyo ni damu yangu.

Piga moyo konde. Bata anaogelea kuliko samaki, maji hayawezi kumfanya kitu. Atarudi na kisa cha kutuchekesha sote.

Ile barua iliyo juu ya kabati ni mambo ya ofisini tu, tena mengine ni siri ya ukumbi. Umefanya vizuri kutoifungua, ndiyo heshima ya ndoa. Lakini afadhali uirudishe kwangu, isije ikazagaa. Weka kwenye bahasha nyingine, utume.

Mpe Mama mkono.

Sikio

---

10 Juni

Shemeji,

Barua siirudishi. Nisamehe. Ni kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho bado kinamsubiri pamoja na mimi.

Msimamizi wa kituo amehesabu stoo yake, akakuta mtungi mmoja wa hewa haupo. Ameandika kwenye ripoti kwamba Bata ameiba mtungi na kutoroka. Nimemwuliza mbele ya watu: bosi, nani anapanda basi na mtungi wa hewa mgongoni? Wamecheka, hata yeye alicheka, lakini ripoti hakuibadilisha. Nyaya zako zote amezikata, anasema ndizo zilizomharibu mfanyakazi wake.

Sasa mimi nimefikiri hivi. Mtungi haupo, mvaaji hayupo. Basi vipo pamoja. Wavu mkubwa unaozuia uchafu usiingie kwenye pampu wameukagua, hayupo. Sehemu ambayo hawajaangalia ni handaki la zamani. Kulikausha ni kazi ya siku tatu, na msimamizi hataki kufunga maji ya mji kwa maneno ya mke anayelia. Anasema nilete sababu.

Sababu unaweza kuwa nayo wewe. Wewe ni msomi, jina lako linajulikana. Mwandikie tu kwamba ulikuwa na kifaa pale handakini na kwamba huenda Bata alikwenda kukitazama. Mstari mmoja unatosha. Nakupigia magoti, shemeji. Watoto wangu wawili shuleni wanaitwa watoto wa mwizi, na binti amegoma kwenda.

Mke wa Bata

---

19 Juni

Shemeji,

Umenilazimisha kusema jambo nililokuwa nimeapa kulimeza.

Bata hayuko handakini. Usiwasumbue watu wa kituo, utajidhalilisha bure. Mwezi wa pili alipokuja kunisaidia kufunga spika, alinieleza kwamba kuna mwanamke. Anauza viatu pale stendi ya mabasi, ana jino la dhahabu. Nilimkanya kwa ukali, nikadhani amenisikia. Baiskeli stendi, shemeji. Jumlisha mwenyewe.

Alisema hana ugomvi na wewe. Alisema amechoka tu. Kwamba anatoka kwenye kelele za pampu anaingia kwenye kelele za cherehani, na hapati mahali pa kimya isipokuwa chini ya maji. Sikutaka kukuumiza lakini ni bora ujue, uache kuota.

Bado wewe ni mwanamke mzuri. Usimalize ujana wako unatazama mlango. Na Mama usimwambie, atavunjika.

Anayekutakia mema,
Sikio

---

2 Agosti

Shemeji,

Ahsante kwa kuniambia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa najifunza kuamka.

Mama nimemwambia. Angejua tu, maana mtaa huu hauna pazia. Akasema, "Geuza picha yake itazame ukuta." Nikaigeuza. Akasema, "Nimezaa mmoja tu, yule wa mjini." Tangu siku hiyo hamtaji, na mlango ukigusika haulizi tena ni nani.

Kwa msimamizi nimekwenda kuomba radhi. Alinipa kiti.

Cherehani nimeifunika. Sasa nashona kwa mkono. Gauni lililokuwa la siku moja ni la siku nne, na wateja wengine wameondoka, lakini tangu uniambie yale maneno kila nikikanyaga pedali nasikia aibu.

Nilikwenda stendi pia, nimtafute huyo mwenye jino la dhahabu. Kwa nia gani, hata sijui. Sikumwona. Wamehama wote, bila shaka.

Mama anakuomba kitu. Anasema mwanawe ni mtu wa sauti mpaka magazeti yanamwandika, na yeye hajawahi kusikia hata moja. Macho yamekwisha lakini masikio anayo. Tunayo redio ya kaseti. Kama una kanda, tuma, imchangamshe.

Shemeji yako

---

14 Septemba

Shemeji,

Samahani kwa ukimya. Nimekuwa mtu wa kuvutwa huku na huku, sina hata muda wa kunyoa ndevu.

Huenda mmesikia. Kazi yangu mpya, "Moyo wa Bwawa", imewapindua watu vichwa. Foleni inatoka mlangoni inazunguka jengo. Ni mlio mmoja tu, mzito, wa taratibu, unaopiga kutoka chini kabisa: unapiga, unapumzika, unapiga. Mtaalamu wa samaki kutoka chuo kikuu amelala godoroni mara tatu na sasa anaandika kwamba huenda ni samaki ambaye hajawahi kutajwa. Mimi simbishii. Namwambia kila mtu: huo ni moyo wa bwawa lenyewe.

Nikueleze ulivyonijia, maana wewe ni wa nyumbani. Sikuutafuta, uliingia moja kwa moja asubuhi moja ukumbi ukiwa umejaa. Mkurugenzi alikuwa godoro la mbele. Mlio wa kwanza ulipotoka sakafuni niliona watu arobaini wameshtuka pamoja. Baadaye nikaona wengine wanashikana mikono. Mwanzoni ulikuwa wa kasi, ndipo ukawa unachoka, unachoka. Kwenye kanda nimeupunguza mwendo mara nne ili upate uzito. Nilikuwa nimesimama mlangoni, ofisi iko nyuma yangu hatua kumi, na sikuthubutu kusogeza hata unyayo. Mara moja niliwahi kukimbia nikaharibu kila kitu, wakanicheka. Safari hii sikukimbia. Sauti kama ile ukiiacha ipite huipati tena maishani.

Iliponyamaza, walipiga makofi.

Nimewatumia kanda. Mwekee Mama, mwambie ni zawadi ya mwanawe. Alale chali, afumbe macho.

Furahini pamoja nami,
Sikio

---

6 Oktoba

Shemeji,

Kanda imefika. Umeifunga vizuri, na kwenye kasha umeandika kwa mkono wako: "Maikrofoni ya tatu. Dakika ishirini na tatu za asili, imepunguzwa mara nne." Mwandiko wako ni mzuri, sikuzote Bata aliusifu.

Mama nilimlaza chali kama ulivyoagiza. Nikawasha redio nikarudi kwenye sindano yangu. Mlio ukaanza. Mimi sikusikia kitu, nilisikia ngoma tu, tena nilifikiri wanaopanga foleni kwa ajili ya hii hawana kazi za kufanya. Ilipita kama robo saa. Kisha Mama akaketi. Akageuza uso kuelekea mlangoni, na macho yake hayo yaliyofunga, akasema:

"Huyo amerudi. Mfungulie."

Nikamwambia Mama, ni kanda. Akasema, "Nimemfundisha mimi kubisha hodi. Mfungulie mlango, mtoto amesimama nje." Akataka kuinuka mwenyewe, akaanguka. Nilimnyanyua huku redio inaendelea, na sasa nilikuwa nasikia na mimi. Mbili. Kisha moja. Miaka kumi na moja nimeufungulia mlango mlio ule.

Nilikwenda kwa fundi redio. Nikamwomba auongeze mwendo mara nne, urudi ulivyokuwa. Kazi ya dakika kumi. Alipoupiga, mlinzi wa geti alikuwa pale analeta pasi yake itengenezwe. Akasema, "Mbona hiyo ni spana kwenye mlango wa chuma? Halafu nyuma ni pampu yetu." Niliangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini na tatu, shemeji. Mwanzoni anagonga kwa kasi kama mtu mwenye haraka ya kuingia. Dakika ya kumi na mbili anaacha, ukadhani amekata tamaa, halafu anaanza upya polepole, kwa mpangilio, mtu asije akadhani ni utani. Mbili, kisha moja. Dakika za mwisho inasikika mbili tu. Ile moja haiji.

Nimemwuliza mlinzi kama Jumapili ile alikuwepo. Alikuwepo. Nikamwomba arudi geti lake, nami nikapiga simu kutoka posta, nijaribu. Anajibu mlio wa nne.

Msimamizi nilimpelekea sababu. Aliisikiliza amesimama, akavua kofia, akafunga maji ya mji siku hiyohiyo. Walimkuta siku ya tatu. Mlango wa chuma ulikuwa umeangukia nyuma yake, na mkanda wa mtungi umenaswa kwenye bawaba. Spana ilikuwa pale ulipokuwa mkono wake. Sitakueleza zaidi, maana wewe ukielezwa unatengeneza maonyesho. Nakueleza hili moja tu: maikrofoni yako ya tatu ilikuwa nusu hatua kutoka usoni kwake. Alikuwa ameshaitengeneza. Alikuwa ameifunga mafundo mawili, kwa waya mpya, vizuri kabisa. Ndiyo maana ulisikia vizuri.

Tumemzika Ijumaa. Hukuitwa, na asiyejua alishangaa. Msimamizi amefuta ripoti, watoto wamerudi shule. Cherehani nimeifunua, naikanyaga kutwa nzima, na jirani wakilalamika nawaambia mume wangu aliipenda.

Kule stendi nimerudi tena. Wauza viatu ni wanaume watatu, wako pale miaka tisa. Nilikuwa sijawauliza, nilikuwa natafuta jino la dhahabu. Kumwua ulimwua kwa kukaa kimya, sawa, pengine ulishtuka, pengine uliona haya mbele ya wakubwa. Lakini yule mwanamke ulimtengeneza. Ulikaa mezani ukamchagulia kazi ukamtia na jino. Ulinifanya nimchukie marehemu akiwa anasubiri kutolewa kwenye tope. Ulimfanya Mama amkane.

Sasa kuhusu Mama. Kwenye mazishi hakuwepo, kule kuanguka kumemvunja nyonga, hatainuka tena. Sijamwambia nani yuko kwenye kanda wala nani aliipokea. Kila asubuhi ananiomba niiwashe. Anaisikiliza, halafu ananisihi nifungue mlango, nami naufungua, anasema, "Pita, baba, chai ipo." Ananiambia Bata siku hizi ameacha safari. Picha ameniamuru niigeuze itazame chumba. Na ananiuliza yule wa mjini atakuja lini wakae wote pamoja.

Mimi sitamwambia. Wewe ndiye utakayemwambia. Uje uketi kitandani kwake, umshike mkono, umweleze dakika ishirini na tatu, moja baada ya nyingine, mpaka makofi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Usipokuja, nitakuja mimi huko ukumbini. Nitalipa kiingilio kama wengine, nitasimama katikati ya magodoro, na nitawasomea hao waliolala barua yako. Ninayo ya kuwasomea.

Maana ile ya juu ya kabati nimeifungua. Niliifungua siku walipomtoa, kwa kuwa sasa ni yangu. Uliomba urudishiwe, nakurudishia nakala niliyoandika kwa mkono wangu. Yenyewe nimebaki nayo.

Mjane wa Bata

---

9 Mei

Bata wangu,

Barua yako imefika leo nami najibu leo, ingawa najua huenda ikakukuta umeshatoka majini na unakula machungwa yako.

Yale maneno niliyoyaandika mwezi uliopita yafute. Nilikuwa na hasira za soksi. Nimekaa nikawaza giza unaloniambia, na bomba mdomoni, nikaona haya. Wewe unaingia kule kwa ajili yangu, mimi nakutishia kutosikia.

Tumeelewana. Jumapili saa nne wageni watakuwa wamelala chali, nami nitakuwa nimesimama mlangoni, mlango wa ofisi nimeuacha wazi na simu nimeisogeza karibu. Namba ya mlinzi nimeiandika kiganjani. Maikrofoni ya tatu ikianza kusikika nitajua umefika. Ukitoka salama, nisisikie kitu. Lakini ukinigongea mbili, kisha moja, sitakungoja urudie. Nitakimbia, wacha wanicheke wote, mkurugenzi akiwa wa kwanza.

Wewe zamia tu bila wasiwasi. Kamba ninayo.

Kaka yako,
Sikio